Kitisha-ndege Nyuma ya Msikiti

Nilipomaliza chuo kikuu nilirudi nyumbani Garissa na shahada ya sosholojia, nikakaa kwenye mkeka wa mama yangu nikihoji kila kitu, kuanzia serikali ya kaunti hadi kiasi cha sukari kinachoingia kwenye chai. Mama alinivumilia msimu mzima. Kisha asubuhi moja akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akichagua, "Maswali hayo kawaulize watoto wa watu."

Alisema kwa kuchoka tu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mradi fulani ulikuwa unatafuta vijana waliosoma, wa kutoa huduma kwa jamii asubuhi tatu kwa wiki, kuwasaidia wanafunzi katika shule zenye upungufu wa walimu. Nilipangiwa Hadado, kule Wajir, kwa sababu nilikuwa nimesema mama yangu mdogo ana duka huko. Kabla ya kwenda tulifundishwa kwenye ukumbi wa hoteli. Mkufunzi alituambia tukumbuke kwamba sisi si walimu, si wazazi, wala si polisi. Nikainua mkono nikauliza, kwa hiyo sisi ni nani. Akasema hilo ni swali zuri sana, halafu akatangaza mapumziko ya chai.

Jibu nililipata Hadado siku ya kwanza. Msaidizi ni mtu yeyote anayepatikana. Walimu wengi wa bara walikuwa wameondoka miaka ya wasiwasi wa usalama na nafasi zao hazikujazwa. Niliwasikiliza watoto wakisoma, nikawatoa miiba miguuni, nikamtafsiria mwalimu mkuu maneno ya wazazi, na mara moja nikamshika mbuzi aliyeingia darasani hadi kipindi cha sayansi kikaisha, kwa kuwa mwalimu aliona anafaa kwa mfano.

Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa mtu wa bara, wa kule ambako mahindi huota hadi kando ya lami. Yeye hakuondoka. Alisema tumbo lake lilishazoea maziwa ya ngamia na hangeweza kulianzishia upya mambo ya ng'ombe. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyeamini kwamba kila kitu kinachotoka Nairobi kwa maandishi kimewahi kufikiriwa na mtu. Mimi nilikuwa na mashaka yangu, na alinisikiliza kwa upole ule ule anaomsikilizia mtoto anayeeleza kwa nini amechelewa.

Miongoni mwa wanafunzi niliopewa kuwasaidia alikuwemo msichana mmoja wa gredi ya sita, mrefu, mkimya, aliyependa kusimama kwa mguu mmoja, mwingine ameuegemeza gotini, kama wachungaji wanavyosimama. Kila ukame familia yake ilihama na ngamia, naye alihama nao, kwa hiyo elimu yake ilikuwa na mashimo. Alijua kugawanya lakini hakuwahi kukutana na desimali. Alijua mwanzo wa hadithi nyingi za kitabu chetu na mwisho wa chache. Alfajiri, kabla ya shule, alikwenda dugsi, chuo cha Kurani, na maalim wa huko alimwambia kila aliyetaka kusikia kwamba hajapata mwanafunzi anayehifadhi kama yeye.

Muhula wa tatu ulipokuwa katikati, baba yake alikuja shuleni. Mvua ilikuwa imenyesha kaskazini na familia ilijiandaa kuhama. Alisimama mlangoni mwa ofisi, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake, akatusalimu kwa utaratibu wote, habari za watu, habari za mifugo, habari za njia, kisha akauliza jambo lililomleta.

"Huyu anapanda gredi ya saba au hapandi?"

Mwalimu mkuu akaeleza, nami nikatafsiri, kwamba msichana anasoma vizuri, ila kuna kazi moja ya mradi hajaifanya, kwa sababu darasa lilipoifanya yeye alikuwa malishoni. Bila alama ya kazi hiyo mfumo wa kompyuta haumpandishi mtoto. Akipanda, atapewa kitanda bwenini na atabaki shuleni familia itakapohama.

Baba akatazama nje kidogo. "Akipanda, abaki," akasema. "Asipopanda anakuja na sisi. Simwachi mtoto mahali ambapo hasogei. Kurudia yale yale, hata ngamia watamfundisha."

Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu mwenye ngamia wengi na mikono michache. Msichana huyu ndiye mtoto wake mkubwa, na ndiye aliyewanywesha ndama wa ngamia na kuwaweka pamoja wasitawanyike vichakani. Wadogo zake bado walikuwa wanashikilia nguo ya mama. Kumwacha bwenini kulimaanisha kwamba ndama wangekosa mtu. Alikuwa amekubali kulipa gharama hiyo, lakini hakutaka kuilipa bure.

Msichana alikuwa amesimama nyuma ya mlango wakati wote huo, kwa mguu mmoja. Baba alipoondoka aliushusha ule mwingine na kuniuliza, kwa lile "teacher" la watoto wa shule, "Tisha, ni kazi gani?"

Nikamgeukia mwalimu mkuu. Uso wake uling'aa kwa namna ambayo sikuwahi kuiona.

"Kitisha-ndege," akasema.

Mwanafunzi, akaeleza, atengeneze umbo la mtu kwa vijiti na nguo kuukuu, alisimamishe shambani ili liwatishe ndege wanaokula mazao, apigwe picha akiwa nalo, mazao yaonekane, na picha iingizwe kwenye mfumo.

"Shamba liko wapi?" nikauliza.

"Hiyo ndiyo changamoto."

"Wenzake walifanyia wapi?"

"Masalani."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Darasa zima lilikuwa limesafirishwa kwa basi la kuazima hadi Masalani, kando ya mto Tana, mwendo wa kuchosha hata mtu mzima, kwenda kuwatisha ndege wa watu wengine. Wenye mashamba waliwapa chai. Picha zilipatikana, mfumo ukaridhika, na basi likaharibika wakati wa kurudi.

"Hadado hakuna mazao," nikasema. "Kuna ngamia, mbuzi, kisima cha mashine na vumbi. Kunguru wa hapa hajawahi kula zao la mtu tangu aanguliwe. Tunamfundisha mtoto kulinda kitu ambacho hakipo dhidi ya kiumbe ambaye hana habari."

"Madam," mwalimu mkuu akasema, "tusijadili mtaala. Mtaala umeshafika." Kisha, kwa sauti ya mtu anayezungumzia marehemu bibi yake, akaongeza kwamba kwao mtoto anaweza asijue kusoma, lakini kusimamisha kitisha-ndege anajua, na kwamba yeye mwenyewe akiwa mdogo alisimamisha kimoja kilichowahi kuamkiwa na chifu.

Ilibidi tutafute mazao. Tulizunguka Hadado, mimi na msichana, kama watu waliopoteza ufunguo. Mwishowe tukayapata pale ambapo maji ya udhu hutokea msikitini kwa bomba dogo na kumwagika nyuma ya ukuta. Maalim alikuwa amepanda hapo matuta ya sukuma wiki, mimea michache ya nyanya, na mtikitimaji mmoja aliousifia sana. Hapo tu ndipo palipokuwa na kijani ambacho hakikuwa na miiba.

Maalim alikuwa mtu mwembamba mwenye ndevu za hina zilizoonekana za mzee kuliko yeye mwenyewe. Tulimkuta akiunywesha mtikitimaji kwa kikombe. Nikaeleza haja yetu.

"Ndege hawali sukuma yangu," akasema.

"Tunajua, maalim."

"Mbuzi ndio wanaokula."

"Tunajua."

"Hicho kitu kitawatisha mbuzi?"

Nikamtazama msichana. Ilikuwa zamu yake kupigania maisha yake. "Mbuzi wa hapa hawamwogopi mtu, maalim," akasema, "sembuse nguo."

Maalim akatikisa kichwa, ameridhika kwamba hadanganywi. "Kwa hiyo mnaleta kitu kisichomtisha mbuzi anayekuja, kimtishe ndege asiyekuja."

"Ndiyo."

"Na hicho ndicho kitakachompandisha darasa."

"Ndiyo, maalim."

"Kiko na umbo gani?"

"La mtu."

Akaweka kikombe chini. Hapo, akasema, ndipo penye tatizo. Mfano wa mtu hauwezi kusimama kwenye uwanja wa msikiti, hata kwa siku moja, hata kwa ajili ya serikali. Hakusema kwa ukali. Alisema kama fundi anayekuambia ukuta huu haubebi paa hilo. Lakini alimpenda mwanafunzi wake, na nilimwona akizunguka zunguka ndani ya kichwa chake akitafuta mlango.

"Kinachofanya umbo liwe mtu ni kichwa," akasema mwishowe. "Toeni kichwa. Bila kichwa ni nguo zilizoanikwa, na nguo zinaanikwa hapa kila siku."

Nikalipeleka jibu hilo ofisini.

"Bila kichwa?" mwalimu mkuu akasema. "Hicho si kitisha-ndege, madam. Hiyo ni ajali."

Akanionyesha maelekezo: kichwa, mikono, mavazi. Kila kimoja kina alama zake. Nikarudi msikitini. Maalim akasema mikono haina neno, mavazi hayana neno. Nikarudi ofisini. Nikawa natembea kati ya ofisi na msikiti nikibeba kichwa ambacho hakikuwepo, jua limenikalia kichwani, chuo kikuu kimoja kizima kikiwa kimepita ndani yangu ili nifikie hapo. Watu dukani kwa mama mdogo walianza kuniuliza mazungumzo yamefikia wapi. Mzee mmoja alishauri kichwa kiwekwe Wajir mjini na mwili ubaki Hadado.

Aliyepata njia ni msichana. Tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha darasa, nikimwonyesha desimali, akaniambia bila kuacha kuandika, "Tuweke kitu kinachokaa mahali pa kichwa lakini si kichwa."

Alileta mtungi wake wa njano wa lita ishirini, ule aliowanyweshea ndama miaka yote, ambao ulikuwa umepasuka chini na hauna kazi tena. Tukaupeleka kwa maalim. Aliugeuza huku na huku, akaugonga, akachungulia ndani.

"Una mdomo," akasema.

"Nitaufunga, maalim." Akakaza kifuniko.

"Usiuchore macho."

"Sichori."

"Mtu akiniuliza ni nini, niseme nini?"

"Sema ni mtungi."

"Na mwalimu wako mkuu akiuliza?"

Msichana akafikiri. "Yeye haulizi, maalim. Anapiga picha."

Yakabaki mavazi. Hapa niligundua jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwa nchi inayosemekana maskini: Hadado hakuna nguo kuukuu. Kila nguo iliyochakaa ina kazi inayoisubiri. Inafunga ndama, inafunika kibuyu cha maziwa, inaziba tobo la paa, inafutia taa. Mama yangu mdogo, mwenye duka la nguo, aliniambia nguo ya kumvalisha mti hana, na kama nina ya ziada nimpe yeye. Kwa hiyo msichana akaleta yake mwenyewe, jilbab ya kijani aliyokuwa akivaa malishoni, upindo umeraruliwa na miiba, imekolea harufu ya ndama hadi ukikaa nayo chumbani unaweza kuwahesabu.

Tukafunga vijiti viwili kwa njia ya msalaba, jambo ambalo maalim alilitazama kwa muda kisha akaamua kutolitazama. Tukavalisha jilbab. Ushungi wake ukashuka juu ya mtungi, ukaufunika vizuri. Kilipendeza, kusema kweli. Kilionekana kama mama wa makamo anayesubiri mtu wa kubebana naye mzigo.

Maalim akakizunguka. "Sasa ni mwanamke," akasema.

"Ni mtungi," nikamkumbusha.

"Ni mtungi, lakini umevaa, na unawatazama wanaume wakitawadha. Ugeuzwe."

Tukaugeuza. Ukatazama upande wa pili, kwenye njia inayokwenda kisimani. Hakuna aliyefikiria ni nani hupita njia hiyo.

Jioni mwalimu mkuu akaja kukagua. Sijawahi kumwona mtu akiguswa hivyo na kazi ya shule. Alikizunguka kimya, akakaza kamba hapa, akavuta mkono pale, kama fundi cherehani mbele ya bwana harusi. "Mikono iwe juu kidogo," akasema. "Ionekane inaita." Nikauliza kama haipaswi kuonekana inafukuza. Akasema kwao ndivyo inavyofanywa. Akainua mikono yote miwili. Kisha akatoa simu, akaitazama anga, akasema mwanga umeshaharibika, tutapiga picha asubuhi.

Asubuhi mama mdogo aliniamsha kwa kunivuta kidole cha mguu. "Amka," akasema. "Kitu chako kimefungua kisima."

Nilisikia kabla ya kuona. Nyuma ya msikiti palikuwa na sauti ya kutafuna, ya taratibu, ya watu wengi wenye subira. Ndama wa ngamia walikuwa wamesimama mbele ya kitisha-ndege wamejipanga nusu duara, shingo zimenyooka, wakiutazama mtungi. Nyuma yao walisimama mama zao, kwa kuwa ngamia jike humfuata ndama wake popote. Nyuma ya majike lilisimama dume moja ambalo nadhani lilikuja tu kuona. Walikuwa wameshamaliza sukuma wiki. Walikuwa wameshamaliza nyanya. Mtikitimaji ulikuwa umebaki alama ardhini. Sasa walingoja maji.

Unapokitazama kitu hicho kwa macho ya ndama, hakuna cha kushangaza. Yupo mtu mwenye nguo ile ile na harufu ile ile, amebeba mtungi ule ule wa njano, anatazama njia yao, ameinua mikono anaita. Sisi sote, mwalimu mkuu, maalim, mimi na shahada yangu, tulikuwa tumeshirikiana kutengeneza kitu pekee ambacho hakuna ndama wa Hadado angeweza kukipita.

Baba wa msichana alikuwa hapo, fimbo mkononi. Akawaita wanyama wake kwa ule mlio wa kooni anaoutumia kila siku ya maisha yao. Ngamia wakageuka wakamtazama. Kisha wakageuka wakautazama mtungi. Akaita tena. Dume tu ndilo lililosogea kidogo, kwa heshima.

"Hawanijui," akasema.

Maalim alisimama kwenye kilichokuwa bustani yake, mswaki mdomoni. Alipozungumza alizungumza polepole. Kwa hukumu ya dini, alisema, mnyama akiharibu shamba la mtu usiku, mwenye mnyama analipa. Akiharibu mchana, hasara ni ya mwenye shamba, kwa sababu mchana angelinda.

"Waliingia saa ngapi?" baba akauliza.

"Nilikuwa naadhini alfajiri," maalim akasema. "Nikasikia wanatafuna."

"Mwanzo wa adhana au mwisho?"

"Nilipoanza kulikuwa kimya. Nilipomaliza nikasikia."

"Basi waliingia katikati."

"Katikati," maalim akakubali, na nikaona jinsi swali lilivyomfurahisha licha ya huzuni yake.

Wakakaa chini kwenye mkeka uliotandikwa nje, wanaume wengine wakaongezeka, na ikajadiliwa kama ule wakati ulio ndani ya adhana ya alfajiri ni usiku au ni mchana. Baba akaongeza hoja kwamba hata hivyo wanyama wake hawakuvamia. Waliitwa. Mtu aliyeitwa hamlipi mwenyeji chakula. Watu wote wakageuka kuniangalia mimi, mwenyeji. Nikajaribu kusema kwamba wazo la mikono lilikuwa la mwalimu mkuu. Ikaamuliwa nusu kwa nusu: baba atatoa mbolea, na shule itapanda upya bustani yote. Mwalimu mkuu alipofasiriwa hukumu hiyo alifurahi waziwazi. Alikuwa hajashika jembe tangu ahamie huku.

Lakini furaha yake haikudumu, maana alikuwa amekuja na simu yake kupiga picha. Alisimama mbele ya matuta matupu.

"Mazao yako wapi?" akauliza.

"Yamo ndani ya ndama," msichana akasema.

Hakuna aliyecheka. Msichana alikuwa amesimama kando ya kitisha-ndege, kwa miguu yote miwili, mkono wake kwenye shingo ya ndama mmoja aliyekuwa akinusa mara yeye, mara mtungi, akishindwa kuamua. Baba yake alikuwa ameshasema familia itafungasha siku hiyo hiyo. Hapakuwa na sukuma nyingine Hadado, na basi la Masalani lilikuwa bado limelala pale lilipolala. Nilimwona akitazama njia ya kaskazini kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuubeba.

Mwalimu mkuu akapiga picha. Akaitazama kwa muda mrefu kwenye kioo cha simu, akiikuza, akiirudisha.

"Madam," akasema. "Unaona ndege hata mmoja hapa?"

"Hapana, lakini hata jana hapakuwa na—"

"Unaona au huoni?"

"Sioni."

"Basi kimefanya kazi." Akageuza simu nione. "Mazao yameliwa, kweli. Lakini maelekezo hayasemi yasiliwe na ngamia."

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na hoja, na ilikuwa hoja nzuri, kuhusu sababu na matokeo, ambayo nilifundishwa kwa muhula mzima. Nikamtazama msichana. Nikafunga kinywa. Sijawahi kujuta.

Mtandao Hadado hupatikana vizuri ukiwa juu ya ngazi ya tangi la maji. Mwalimu mkuu, kwa unene wake, akapanda mwenyewe, simu mfukoni, nasi tukasimama chini tukimtazama: mimi, msichana, baba yake, maalim na sehemu ya ngamia. Alikaa huko juu hadi shingo zikatuuma. Kisha akainua mkono mmoja.

"Umepanda," akamwita msichana.

Baba aliiweka fimbo mabegani. Halafu akaniambia, "Neno langu liko pale pale, anabaki. Lakini ndama hawajui neno langu. Njiani nitawafanyaje?"

Msichana akatazama chini. Niliogopa angesema, basi nakuja. Nadhani alikuwa tayari amelivuta neno hilo hadi mdomoni. Lakini baba alikuwa amegeuka, anatazama nyuma ya msikiti, ambako ndama walikuwa bado wamesimama mbele ya mtungi, wote, bila hata mmoja kuondoka, tangu alfajiri.

Mwalimu mkuu aliposhuka ngazini akitweta, baba akamsogelea akasema naye mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mwalimu. Hii kitu kazi yake naisha?"

"Imeisha, mzee. Tumeshapiga picha."

"Basi nabeba. Hii nachunga mzuri kuliko mtu. Halali, hakuli, haombi kwenda shule."

Walikipakia juu ya ngamia wa mizigo, kati ya vijiti vya nyumba na sufuria, kimekaa wima, kimefungwa kiunoni. Msichana alipanda akakaza ushungi ili upepo usiuchukue. Alimwelekeza baba yake kwa kirefu: kisimamishwe upande upepo unakotoka, ndama wapate harufu, mikono isishushwe, na mtungi usiachwe juani mchana kutwa maana plastiki itakatika. Baba akasikiliza kama anayepewa maelekezo ya dawa. Kisha wakaondoka, na ndama wakafuata nyuma ya kile kitu kwa utulivu ambao, baba alisema baadaye, hajawahi kuuona kwa mchungaji yeyote.

Mimi na mwalimu mkuu tulilima bustani ya maalim. Alinirekebisha kila nilipoinama.

Majuma yalipita. Msichana akapata kitanda chake bwenini, akakutana na desimali, wakazoeana. Kisha siku moja simu yangu ikalia. Ilikuwa ni baba, sauti yake ikija na kupotea na upepo.

"Ndama wameanza kumtazama kama mti," akasema. "Harufu imeisha. Naleta nguo kwa lori. Mwambie aivae, halafu airudishe."

Lori la mifugo likasimama mbele ya duka la mama mdogo na kushusha jilbab ya kijani, imekunjwa ndani ya gunia. Msichana akaivaa juma zima juu ya sare: darasani, mstarini, akilala. Mwenzake wa dawati akahamia dirishani. Mwalimu mkuu akaniita.

"Ile si sare, madam."

"Ni kazi ya mradi."

"Mradi ulishapewa alama."

"Bado unaendelea, mwalimu mkuu. Huko nyumbani."

Akafikiri. Akasema kweli, mtaala unasisitiza hilo, ujuzi uendelezwe nyumbani. Akauliza kama mikono bado iko juu.

Tangu hapo lori likawa linaleta na kurudisha. Ninachokumbuka zaidi ni jinsi msichana alivyolipokea. Hakukimbilia gunia kama watoto wanavyokimbilia kitu kilichotoka nyumbani. Alisimama mbali kidogo, mguu mmoja gotini, akamngoja dereva azime injini.

"Adeer," akauliza kila mara, yaani ami, "ni nguo tu, au na mimi naitwa?"

"Nguo tu," dereva akasema, akamrushia gunia.

Ndipo aliposhusha mguu, akaivaa pale pale barabarani juu ya sare, akaingia darasani akinuka ndama.